Shamba la Kivulini

Guta, Bunda
2 Juni 2025

Baba yangu, Mzee Nyamhanga,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yake. Miezi minne bila barua ni mingi, najua. Niliondoka hapo Kiabakari na hasira, na mtu mwenye hasira haandiki barua nzuri, ndiyo maana niliisubiri ipoe. Kupiga simu ningepiga, ila wote tunajua inavyokuwaga: mimi huku napaza sauti mpaka watu wananigeukia, wewe huko unauliza "nani?" Miaka thelathini ya mashine ya kusaga imekula masikio yako. Na meseji ulishasema huzitaki, maneno yanakuja yamekatwakatwa kama majani ya ndama. Basi nimerudi kwenye karatasi. Nitampa Mwikwabe, konda wa basi la asubuhi, aiache dukani kwa Mashimba hapo stendi.

Nimepata kazi, Baba. Naishi na Dorah niliyesoma naye sekondari, kwao ni hapa Guta. Mama yake mkubwa, Mama Ursula, ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaolima mboga karibu na ziwa. Mwaka juzi walifungiwa sola shambani. Usifikirie zile za juu ya bati, moja au mbili. Hizi ni mistari na mistari, zimeinuliwa juu ya nguzo za chuma, na nguzo ni ndefu, mtu anapita chini na jembe begani bila kuinama. Umeme wake unavuta maji kutoka ziwani na unaendesha chumba cha baridi cha kutunzia mboga mpaka gari lije. Na chini ya hizo sola wanalima. Ndiyo, chini yake kabisa.

Mimi nimewekwa kwenye chumba cha baridi. Napanga makreti, nafungua mlango na kufunga. Humo hakuna hata dirisha. Kwa mtu mwenye ualbino kama mimi sidhani ipo kazi bora kuliko hiyo, kwa hiyo usiniwazie. Jua silioni mpaka limekaribia kuzama.

Mwanao,
Wegesa


Kiabakari
11 Juni 2025

Wegesa mwanangu,

Marahaba. Barua yako Mashimba aliileta mwenyewe mpaka mashineni, ametembea na mguu wake ule mbovu. Nimeisoma mara mbili peke yangu, halafu nikamsomea mama yako. Ungo aliokuwa ameushika aliuweka chini. Chumba kisicho na dirisha! Amesema Mungu amejibu kwa namna yake.

Sasa nikwambie la Januari, kwa sababu naona umelibeba mpaka huko. Siku ile nilipogawa shamba, Benson nikampa bondeni na Yusto nikampa upande wa kilima, wewe ukasimama mbele ya wazee ukauliza, "Na mimi?" Nikakujibu kwamba fungu lako ni ndani ya nyumba. Watu wakacheka. Sikupenda walivyocheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wapo wanaosema Nyamhanga kamnyima binti kwa kuwa ni binti. Si hivyo. Nilikunyima kwa sababu nakujua, ungelilima. Unamkumbuka Mayala, yule fundi baiskeli wa pale njia panda? Alikuwa na ngozi kama yako. Alilima pamba miaka yote kifua wazi, kikaanza kidonda kwenye mdomo, kikaenda shingoni. Mimi ni mmoja wa tuliobeba jeneza lake, na lilikuwa jepesi kama la mtoto. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Wewe Oktoba unatimiza thelathini. Kila nikikuona na jembe namuona Mayala.

Basi nimefurahi. Mama yako anasema ukae humo humo ndani. Amenunua sweta kwa ajili ya baridi ya hicho chumba, nimempa Mwikwabe. Ni la rangi ya zambarau, alilichagua yeye.

Ni mimi baba yako,
Nyamhanga


Guta
29 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sweta limefika, mwambie Mama limenikaa vizuri na mikono inafika mpaka kwenye vidole kama alivyotaka.

Nakuandikia kwa haraka, kwa sababu kesho naenda Musoma mara moja kwa shughuli, nitarudi siku hiyo hiyo. Umeuliza kupitia kwa Mwikwabe kama kweli kuna kitu kinachoota chini ya sola au wananiongopea. Kinaota. Si kila kitu. Mahindi walijaribu mwaka wa kwanza, yakarefuka kama mianzi yakakataa kubeba. Lakini chainizi na mchicha na hoho vinapenda kivuli hicho. Kati ya mstari na mstari kuna nafasi, kwa hiyo jua linapita kidogo kidogo, linahama na siku, jani halipati jua la kuunguza wala halikosi kabisa. Wakati huu wa kiangazi wenzetu wa jirani wanamwagilia asubuhi na jioni na bado chainizi inakuwa chungu. Hapa wanamwagilia mara moja, na ukichimba kwa kidole unakuta udongo una unyevu mpaka kwenye kifundo. Nyanya haziungui mgongo. Tatizo lilikuwa mvua: maji yanateremka kwenye ukingo wa sola kama bomba na kuchimba mashimo kwenye tuta. Wakatandaza mawe na kuchimba vifereji, sasa yanaenda kisimani.

Wanasema hivyo wenzangu. Mimi nawaona tu wakileta makreti.

Wegesa


Kiabakari
18 Julai 2025

Wegesa,

Jana nilikuwa Bunda kutafuta mkanda wa mashine. Nilipoupata ilikuwa bado mapema, nikapanda pikipiki mpaka Guta nikusalimie. Nilikuwa na dagaa kutoka kwa mama yako.

Nilifika kwenye chumba cha baridi. Mwanamke mmoja aliniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu, alipoona sisikii: "Yuko shambani." Nikamwambia Wegesa hafanyi kazi shambani, Wegesa yuko ndani. Akacheka, akanionyesha kwa mkono.

Nilienda mpaka kwenye uzio. Pale pembeni, pasipokuwa na sola yoyote juu, nimeiona kofia yako ile nyeupe pana niliyokununulia mimi mwenyewe Musoma. Nimeliona gauni lako la bluu la mikono mirefu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Ulikuwa umeinama, unapiga jembe.

Sikukuita. Dagaa nilimwachia yule mwanamke.

Umenidanganya kwa karatasi, na mama yako anasali kila asubuhi kwa ajili ya chumba kisicho na dirisha. Funga mizigo yako urudi nyumbani.

Baba yako


Guta
22 Julai 2025

Baba yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, na nilipomaliza nilikaa chini. Ulifika mpaka uzioni na ukaondoka. Hilo limeniuma kuliko maneno yote uliyoandika.

Nianze na kosa langu. Chumba cha baridi naingia kuweka makreti na kutoka. Kazi yangu ni shambani tangu siku ya kwanza. Nina matuta kumi na mawili, ya chainizi na hoho. Sweta la Mama nalivaa asubuhi tu kabla umande haujakauka. Nilikudanganya wewe na nikamdanganya na yeye, na sina pa kujificha.

Lakini uliyemwona si mimi, Baba. Ni Dorah. Kile kipande cha wazi ni cha vitunguu, na vitunguu vinataka jua, kwa hiyo hapo mimi siingii kabisa. Ni sharti la Mama Ursula. Dorah anapoenda huko mchana anaazima kofia yangu na gauni langu la kazi, kwa sababu mimi kwa saa hizo niko chini ya sola na ninayo kofia nyingine na gauni jingine. Siku hiyo ulipokuwa uzioni, mimi nilikuwa mstari wa nne, upande wa ziwa, nang'oa magugu kwenye hoho. Kama hatua hamsini kutoka uliposimama. Ungegeuza shingo.

Nimekudanganya kwa nini? Kwa sababu ningekwambia "nalima" usingesikia neno la pili. Ungemuona Mayala. Lakini Mayala hakuwa na kofia, wala losheni ya kukinga jua, wala mtu wa kumwambia. Wala kivuli cha kulimia. Mimi nilikaa dirishani miaka mingi nikiwaangalia Benson na Yusto wakienda na kurudi na matope miguuni, mnakula mahindi waliyolima, mnasema ya Benson ni matamu mwaka huu. Mimi nilikuwa nakula tu. Mtu anachoka kula tu, Tata, baba yangu.

Sirudi. Si kwa ukaidi. Nina chainizi ya kuvuna Jumanne.

Njoo tena, uingie ndani ya uzio.

Wegesa


Guta
4 Agosti 2025

Kwa Mzee Nyamhanga, Kiabakari

Shikamoo mzee wangu. Naitwa Ursula Masatu, mwenyekiti wa kikundi ambacho mwanao Wegesa yumo. Hatujaonana, ila dagaa zako tulizila na tunashukuru.

Barua yako ya tarehe ishirini na nane nimeipata. Unaniomba nimtoe Wegesa shambani bila yeye kujua kwamba wewe ndiye umeomba. Nimeikalia karibu wiki nzima. Sijamwonyesha, na sitamwonyesha. Lakini ulichoomba sitafanya, na ni heshima kukwambia kwa nini.

Mzee, mimi nililima jua kali tangu nina miaka saba. Sola hizi zilipokuja wanaume walitucheka, wakasema tumeuza mashamba kwa vioo. Nami nilikuwa na shaka. Sasa nina miaka hamsini na nane na ni mwaka wa pili sijaumwa kichwa mwezi wa saba. Kama kivuli hicho kinanifaa mimi mwenye ngozi nyeusi hii, kwa mwanao ni zaidi. Na bado hatumwachii kivuli peke yake, kwa sababu mwanga unaingia pembeni na unarudi kutoka chini. Anavaa mikono mirefu, anavaa kofia humo humo kivulini, anajipaka losheni asubuhi na saa tano, na mimi nasimama namwangalia akijipaka kama ninavyomwangalia mjukuu akinywa dawa. Kwenye vitunguu haendi. Anajua kazi. Hoho zake zinatoka kwanza kuliko za mtu yeyote hapa.

Kuhusu lile la sikio, hilo unalijua kuliko mimi. Mimi nilimlazimisha aende, kwa sababu kile kidonda kilikuwa kinakauka na kurudi, kinakauka na kurudi, na alikuja nacho tangu huko nyumbani. Kwenye kliniki ya ngozi pale Musoma wamekikata chote pamoja na kipande kidogo cha sikio, na kipande wamepeleka Mwanza kupimwa. Majibu tumeambiwa tarehe ishirini na moja. Tunaomba pamoja nanyi. Kidonda cha mkato kimekauka vizuri, wala usihangaike na hilo.

Karibu sana Guta.

Wako,
Ursula Masatu


Kiabakari
6 Agosti 2025

Wegesa mwanangu,

Mama Ursula ameniandikia. Usimlaumu, alidhani najua.

Ni sikio la kushoto. Hakusema ni lipi, na mimi sihitaji kuambiwa.

Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kulisema, hata mama yako sijamwambia. Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita na la saba, ule wakati wa hofu, watu wabaya walipokuwa wanawawinda watoto wenye ngozi kama yako kanda hii ya ziwa. Tulisikia redioni, leo kijiji hiki, kesho kile. Mama yako alikuwa shambani mpaka jioni. Nyumba yetu mlango wake ulikuwa wa mbao za kuokoteza, mtu angeupiga teke moja tu. Nikasema mtoto huyu nitakaa naye mwenyewe. Ukitoka shule unakuja mashineni. Ndani ya mashine huwezi kukaa, unga ulikuwa unakubana kifua. Nikakuwekea benchi nje, mbele ya mlango, mahali ambapo nikiinua macho kwenye mashine nakuona uso. Niliona nimepata akili.

Ule mlango unatazama kusini. Wewe ulikuwa unanitazama mimi. Kwa hiyo jua la saa tisa, la saa kumi, la saa kumi na moja lilikuwa linakupiga upande wa kushoto. Miaka miwili. Kitambaa nilikufunga mwenyewe kichwani, nikakifunga kwa nyuma, masikio yakabaki nje. Usiku ulikuwa unamwambia mama yako sikio linawasha. Tukakupaka mafuta ya nazi.

Leo nimechukua lile benchi nikaliweka tena pale pale, nikakaa tangu saa tisa. Nilitaka kujua. Sikufika saa kumi.

Na mimi ndiye niliyekunyima shamba kwa ajili ya jua.

Na Mama Ursula nilimwandikia akufukuze shambani. Hilo amekuficha, lakini mimi sitaki tena kitu cha kuficha kati yetu. Nisamehe kwa yote mawili. Mama yako hajui habari ya sikio. Nitamwambia yakishatoka majibu, yawe yoyote.

Tarehe ishirini na moja nitakuwa Musoma mbele ya mlango wa hiyo kliniki kabla hawajafungua.

Baba yako


Guta
12 Agosti 2025

Baba yangu,

Mama Ursula nimemuuliza, akatikisa kichwa akaendelea kuchambua mchicha, halafu akasema, "Mzazi aliyeogopa akiandika, hupimi maneno yake." Basi na mimi sikupimi. Limekwisha.

Sasa nisikilize kwa macho.

Sikio sikukwambia, kwanza, kwa sababu nilijua utasema ni jembe. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni daktari. Ni mwanamke kijana, anaongea polepole. Alilishika sikio akaniuliza, "Ulipokuwa mtoto ulikuwa unakaa wapi mchana?" Akasema vidonda vya namna hii havianzi mwaka huu wala mwaka jana, ni jua la zamani sana, ngozi inaliweka na kulitoa ukubwani. Nikamjibu sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Nilitoka pale nikaapa hilo Baba hatalijua maisha yake yote, na hapo hapo nikawa naomba usiulize ni la upande gani. Kumbe hukuhitaji kuuliza.

Lakini na mimi ninalo la kukwambia kuhusu lile benchi, ambalo wewe hulijui.

Shuleni walikuwa wananiacha dawati peke yangu. Njiani kuna watu walikuwa wanatema mate nikipita, kujikinga na mkosi. Pale mashineni kila mama aliyeleta mahindi alinisalimia, kwa sababu ulikuwa unamtazama kila mmoja kama askari wa mpakani. Asiponisalimia unamsagia wa mwisho. Ulidhani sioni? Mama mmoja wa Butiama alikuwa ananiletea viazi vya kuchoma. Nilifanya hesabu zote za darasa la saba pale kwenye benchi, nikapasi. Na nikiinua uso nakuona umejaa unga mpaka kwenye kope, unanitazama. Hakuna aliyenigusa, Baba. Wako watoto wa miaka yangu ambao hawapo. Mimi nipo, nina miaka thelathini kasoro miezi miwili.

Hukujua jua lina madhara gani. Nani alikuwa anajua? Redio ilikuwa inasema habari za mapanga, haikusema habari za losheni.

Majibu yakiwa mabaya, wameniambia kuna matibabu Mwanza na nitaenda. Yakiwa mazuri nitarudi shambani kesho yake. Ukija, nitakuwa na wewe kwa yote mawili. Vaa viatu vya kufunga, maana nataka baada ya hapo twende wote Guta, na huku kuna tope.

Wegesa


Kiabakari
25 Agosti 2025

Wegesa mwanangu,

Nimefika salama. Nimekaa siku tatu bila kukuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu mama yako anakuja kuniambia nianze tena mwanzo. Nimeshamsimulia mara tano. Mara ya kwanza nilipofika kwenye neno "sikio" alinipiga mgongoni kwa kitambaa cha jikoni, kwa kumficha. Ilikuwa haki yake. Nilipofika kwenye majibu alikaa pale pale kwenye kizingiti akalia, halafu akainuka akachinja kuku ambaye hatukuwa na mpango naye.

Nitayaandika hapa na mimi, ingawa ulikuwepo, kwa sababu nataka niwe nayo kwa mwandiko wangu.

Yule daktari alipoanza kuongea niliona midomo yake tu. Nilikutazama wewe, na wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, nikajua ni mabaya. Nilishika meza. Ndipo yeye akaona sisikii, akavuta karatasi akaandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza, akaigeuzia kwangu: HAIJAWA SARATANI. TUMEITOA YOTE. Chini yake akaandika: AJE KILA MIEZI SITA. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Nikamuuliza, "Yote?" Akapigia mstari neno yote. Kumbe wewe ulikuwa umeinama unalia kwa furaha, na mimi nilikuwa nimekuzika tayari.

Nilimuuliza na habari ya jembe, unakumbuka ulinivuta mkono. Akaandika: CHINI YA KIVULI, NGUO NDEFU, KOFIA, LOSHENI: ALIME. Hiyo karatasi ninayo. Nimempelekea Benson, nikampelekea Yusto, nikampelekea Mashimba dukani ambaye hakuwa ameniuliza chochote.

Kuhusu shamba. Juzi niliwaita wazee wale wale wa Januari. Niliwaambia siku ile nilisema neno la kipumbavu, na kwamba kipande cha juu ya kisima ni cha Wegesa. Benson ndiye aliyepima kwa hatua, na alipima kwa hatua ndefu. Hutakuja kukilima kesho, najua, kazi yako iko huko na mimi sikuiti tena. Kitakuwepo. Ukitaka kusimika nguzo zako, utasimika. Usipotaka, mama yako atapanda mihogo, lakini jina ni lako.

Sasa habari ya Guta. Nilisema kidogo siku ile kwa sababu nilikuwa natazama. Mimi nimesaga mahindi ya watu maisha yangu yote, kulima si fani yangu, ila unga naujua na udongo ni ndugu yake. Niliuchukua kiganjani, ukashikana. Mwezi wa nane! Kule kwenye vitunguu nilichukua mwingine ukapeperuka. Nilipita mistari yote ya sola nikihesabu hatua, nikagusa nguzo, nikaona vifereji vyenu. Mama Ursula alinionyesha hoho zako bila kusema ni zako, akasubiri. Nikamwambia hizi ni za Wegesa, akacheka. Alinipa kiti, nikakaa katikati ya mstari wa tatu na wa nne. Hewa ya ziwa ilikuwa inapita. Dorah alikuja kunisalimia na kofia yako kichwani, nikamtazama vizuri, hata hafanani na wewe.

Kisha ninyi mkaendelea na kazi, mkanisahau, na hicho ndicho nilichotaka.

Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa sita kamili mchana. Mwanangu mimi alikuwa nje, amesimama wima kwenye tuta lake, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, anabishana na Dorah kuhusu mbegu. Nikausubiri moyo wangu uniambie nikuite uingie ndani. Miaka thelathini umekuwa ukiniambia hivyo kila siku, saa hiyo hiyo.

Moyo ulinyamaza. Nikajiegemeza kwenye nguzo, na Mama Ursula anasema nilisinzia.

Ni mimi baba yako,
Nyamhanga